Bado Vifungo Tu

Mwezi uliopita, kwenye saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa sokoni Galula nakanyaga mbiombio, maana nguo iliyokuwa chini ya sindano nilikuwa nimeiahidi Ijumaa na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mbele yangu amesimama mteja mwingine kabisa, mkono kiunoni, anadai sketi yake. Nikamtuliza kama tunavyotuliza sisi mafundi: "Yako ndiyo inayofuata, mama yangu. Una haraka gani? Yupo mama mmoja wa kwaya, gauni lake hata sijalitia mkasi, na ametulia zake kimya."

Mfukoni mwa aproni yangu, juu ya paja la kulia, ikatoka sauti ya mwanamke, taratibu kama anasali: "Haya, fundi. Nimesikia."

Alikuwa amenipigia. Simu ilikuwa inatetemeka, na cherehani nayo inatetemeka, sasa nani angejua? Paja likapanda, paja likashuka, kifuniko cha simu kikateleza chenyewe, krak, simu ikapokelewa, na mama wa watu akakaa kwenye laini akisikiliza habari za gauni lake kama anasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Saa moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia ujumbe kwa mkono wangu mwenyewe: "Gauni tayari, bado vifungo tu."

Gauni lenyewe halina kifungo hata kimoja. Lina zipu.

Ngoja niwaeleze vijana waliozaliwa wakakuta simu ni kipande cha kioo. Simu ya kuslaidi ina mabamba mawili yaliyobebana kama mtoto mgongoni kwa mama yake. La juu lina kioo, la chini lina namba. Ukisukuma la juu kwa dole gumba, springi inalimalizia safari, linasema krak, namba zinatokeza. Ukilirudisha linasema krak tena, namba zinajificha. Kufungua ni kupokea, kufunga ni kukata, hakuna mjadala. Sasa hii yangu, juu ya hayo yote, kioo chake nacho ni cha kutachi. Unaweza kubonyeza namba kule chini, au ukagusa vipicha huku juu. Kijana aliyeniuzia alisema nanunua simu mbili kwa bei ya moja. Hakusema uongo. Ninazo simu mbili, na hazisalimiani.

Niliinunua Tunduma mwaka 2013, simu ya mtumba, shilingi 80,000 taslimu, nilipokwenda kuchukua vitenge mpakani. Jina la kampuni silitaji, watu wazima tuna staha. Wakati huo sisi wa Galula na wao wa Tunduma tulikuwa wote Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 tukakatiwa mkoa wetu, Songwe, tukaambiwa sasa sisi ni ndugu wa nyumba moja. Bahati mbaya barabara haikuambiwa. Mpaka leo nikitaka kwenda Vwawa, makao makuu ya mkoa wangu, napanda gari la Mbalizi, ambako ni Mbeya, ndipo nashika lami ya Zambia. Yaani natoka mkoani kwangu ili niingie mkoani kwangu. Na uwanja wa ndege wanaouita Songwe nao uko upande wa Mbeya. Mimi sisemi kitu, nashona tu.

Siku hiyo ya Tunduma nilimaliza manunuzi mapema, nikakaa kwenye kibanda karibu na mpaka kula chipsi mayai. Simu, ambayo hata jasho langu ilikuwa haijalizoea, ikalia: karibu Zambia. Nikaangalia chini. Miguu iko Tanzania. Sahani iko Tanzania. Aliyevuka ni laini, imeona mnara wa Nakonde una nguvu ikahamia huko bila kuaga. Sikujali. Nikatazama saa kwenye kioo, nikaona ni saa nane, basi langu ni saa tisa, nikaagiza soda ya pili. Nikainywa kwa mapozi, kila mtu aione simu yangu pale mezani.

Kumbe wenzetu Wazambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Laini ilipohama, na saa ya simu ikahama nayo. Nilipofika stendi nikiwa na mzigo wa vitenge kichwani, basi lilikuwa limeshaondoka. Nikalala gesti ambayo kitanda chake kilikuwa kinalia kila nikigeuka, na kila kikilia nami naamka kuangalia kama ni simu.

Hiyo ndiyo mara pekee simu hii iliponidanganya. Tangu hapo imekuwa inasema kweli tu, na ndiyo shida yenyewe.

Maana fundi cherehani asiyeweza kudanganya afadhali akalime. Msinihukumu kabla hamjakaa kwenye kigoda changu. Hapa kwetu bondeni hela inakuja na mpunga. Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, watu wote wanakumbuka kwa wiki moja kwamba hawana nguo. Wanakuja na vitenge, wanakuja na sare za kwaya, sare za kitchen party, sare za sendofu, magauni ya komunio, na wote wanataka Jumamosi ileile. Ongeza wachimbaji wa dhahabu wa huko Saza, ambao wakipata hela leo wanataka suruali leo, kwa sababu kesho hela haitakuwepo. Mimi nina miguu miwili na cherehani moja. Nikimwambia kila mtu tarehe ya kweli, atachukua kitambaa chake ampelekee fundi wa pili, ambaye atamdanganya vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo naahidi. Ahadi ni sehemu ya mshono.

Kazi hii inahitaji simu yenye adabu. Simu inayolia ukaikazia macho, ukaona jina, ukaiacha ilie mpaka ichoke, baadaye ukasema ulikuwa kanisani. Hii yangu haina subira hiyo.

Ingawa, tuseme ukweli, mwanzoni tulipendana. Mwaka ule Galula wengi wetu tulikuwa na vitochi, na ile krak ilikuwa na heshima zake. Nikiifungua watu wanageuka. Watoto walikuwa wanakuja dukani kuomba niifungue na kuifunga, mara kumi, mara ishirini, nami nafungua na kufunga kama mjinga, nikijua wazi kwamba kila kitu duniani kina idadi yake ya kufunguliwa.

Mtoto wa dada yangu anasoma chuo cha sayansi na teknolojia pale Mbeya, na kila likizo anaicheka simu hii mpaka anashika ukuta. Lakini siku moja kwa ulimi wake mwenyewe alinipa silaha. Alisema simu ya kwanza ya Android kuuzwa duniani, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa ya kutachi na ya kuslaidi. Nikamwambia basi, hizo bapa zenu ni wajukuu wa hii, msalimieni bibi yenu. Akaongeza kwamba ile ilikuwa na kibodi ya herufi zote na haina undugu wowote na yangu. Hilo sikulisikia vizuri, cherehani ilikuwa inapiga kelele.

Sasa tuje kwenye kioo. Vioo vyenu vya siku hizi vinatambua ngozi ya mtu, ukigusa kidogo tu vinaitika. Changu ni cha zamani: juu utando laini, chini kioo, katikati nafasi nyembamba, na hakiamini kwamba umekigusa mpaka utando ubonyee ugusane na cha chini. Kwa hiyo hakitaki kubembelezwa, kinataka kusukumwa. Mimi vidole vyangu vina sugu la mkasi la miaka kumi na tisa. Nabonyeza kwa dole la shahada, hakuna kitu. Nabonyeza kwa nguvu, inafungua redio. Siku moja kwa hasira nikachukua sindano ya mkono, upande wa tundu, si upande wa ncha, sijafikia huko, nikagusa. Ikaitika palepale kama mtoto aliyeitwa na baba yake.

Tangu siku hiyo natumia sindano. Wateja wakiniona nimeinama juu ya simu na sindano mkononi wananiuliza kama inaumwa nini.

Ila joto la bonde la Rukwa si la kuchezea, mtu akitoka Mbeya na sweta lake akifika hapa anatamani kuvua hadi ngozi, na kioo nacho kikaanza kuweweseka. Ukigusa mstari huu, kinafungua mstari wa chini yake. Hilo halikunisumbua mpaka nilipotaka kumpigia mama yangu mzazi. Kwenye orodha yangu kuna "Mama", na chini yake kuna "Mama mkwe".

Mara ya kwanza nilishtuka niliposikia ile sauti, nikasema, "Shikamoo mama, nilitaka tu kukujulia hali." Mara ya pili nikauliza mguu unaendeleaje. Mara ya tatu nikauliza kuku. Kwa muda wa miezi mitatu nilimpigia mama mkwe kila mara nilipomkumbuka mama yangu. Yule mama hakuwa akinipenda, tusidanganyane. Lakini akaanza kuwaambia watu kwenye ukoo kwamba katika wakwe zake wote ni mmoja tu anayejua maana ya mama, akanitumia na debe la karanga. Mama yangu mzazi naye akaanza kulalamika kwa dada yangu kwamba nimemtupa.

Ikabidi nitafute fundi akiweke kioo sawa. Kuna mahali unaingia, inakuletea alama za msalaba kwenye kona, unazigusa moja moja, kioo kinajipanga upya. Kikajipanga. Nikampigia mama, akapokea mama. Baada ya wiki mbili baba watoto anarudi kutoka kwao, uso umekunjamana, ananiuliza nimemkosea nini mama yake mpaka nimenyamaza hivyo. Kwa hiyo sasa nampigia kwa makusudi, kila Jumapili, kwa salio langu. Kosa la kioo limegeuka kuwa mila.

Mwezi Juni mwaka 2016 niliona mlango wa kutokea. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba usiku wa tarehe 16 simu zote feki zitazimwa. Mnakumbuka nchi nzima ilivyokuwa inabonyeza nyota reli sifuri sita reli, unapata ile namba ndefu, unaituma kwenda 15090, unasubiri majibu kama matokeo ya darasa la saba. Mimi sikutuma. Baba watoto alikuwa ameniahidi kwamba ikizimwa tu, tunanunua nyingine. Nikalala nikiwa na amani ya moyo. Simu ya mtumba, imenunuliwa mpakani kwa kijana asiye na duka, kweli hiyo itapona? Asubuhi nikanyoosha mkono gizani nikaisukuma. Krak. Mistari ya mtandao yote iko juu, kuliko hata siku zote. Jirani yangu aliyenunua ya kwake mjini, kwenye duka lenye vioo na feni, ndiye aliyezimiwa.

Na usajili wa laini kwa alama za vidole, ule uliofungwa tarehe 20 Januari 2020, nao haukuniokoa. Dole gumba la kulia liligoma kusomeka kwenye mashine mara saba. Wakala akaligeuza kwenye mwanga, akaniuliza, "Mama, mbona mistari imefutika, unafanya kazi gani?" Nikamwambia nina simu ya kuslaidi. Akachukua la kushoto.

Ya betri nitayasema kwa ufupi maana yananiletea presha. Betri yake ni ile nene ya mraba inayoingia hata kwenye viredio vidogo vya memori kadi. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, anacho kiredio hicho. Siku za kawaida ni kijana mwema, anachota maji. Siku ya Simba na Yanga betri yangu inahama. Naifungua simu kwa nyuma nakuta shimo. Na siku Yanga akifungwa hairudishi mpaka kesho yake jioni, maana anakuwa hataki kuonana na watu.

Hili la kufunguka lenyewe, nakiri, nilijitakia. Duka la fundi cherehani ni nyuzi na vumbi la chaki. Simu yenye reli za kuteleza ukiiweka humo ni sawa na kuweka mkate kwenye kichuguu. Nyuzi zikaingia kwenye reli, nyekundu, nyeupe, moja ya dhahabu ya gauni la bibi harusi fulani, kifuniko kikawa kizito. Ukisukuma kinafika nusu kinasimama, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Nikawaza: cherehani ikikaza nafanyaje? Naitia mafuta. Nikachukua kopo langu, nikaidondoshea matone mawili kila upande.

Ililainika. Ililainika mno. Kuanzia siku hiyo kifuniko hakikusubiri dole gumba, kilikuwa kinafunguka kwa kuinama, kwa kukaa, kwa kupiga chafya. Na mafuta mengine yakapenya chini ya kioo, yakaacha doa lenye umbo la figo pale kona ya chini kulia. Chini ya doa hilo kioo kimekufa kabisa. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo akaniambia, "Ma mkubwa, mbona rahisi, kuna sehemu unazima hiyo ya kujipokea." Tukaingia kwenye mipangilio, tukapita huku, tukapita huku, tukaiona. Tukaichagua. Ikauliza kama tuna uhakika. Kitufe cha "Sawa" kiko kona ya chini kulia.

Na ndivyo ilivyotokea ya mama wa kwaya. Baada ya ile "nimesikia" alikata, na baada ya robo saa nikamwona anakuja, hana hasira, na ndilo lililonitisha. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya cherehani, akafungua mfuko wake akatoa mchele wa kuchambua. Akauchambua mchele wake wote, akaenda kununua mwingine akauchambua na huo, mpaka gauni likaisha, saa kumi na moja jioni, zipu na yote. Alipokuwa anaondoka akaliinua juu akalitazama. "Vifungo viko wapi?" akauliza.

Spika ndiyo iliyofuata kufa. Ilianza kukoroma, ikawa inanong'ona, mpaka nikawa namsikiliza mteja kama mtu anayetega sikio kwenye shimo la panya. Mtoto wa dada, ambaye hawezi kukaa na elimu yake peke yake, akanieleza kwamba ndani ya spika kuna sumaku ndogo, na sumaku hizo zinatengenezwa kwa madini yanayoitwa neodimiamu, na kwamba madini hayohayo yamelala kwenye kilima kule Ngwala, wilaya yetu hiihii ya Songwe, kwa wingi unaowatoa wazungu kwao. Nikamuuliza, sasa mimi niende Ngwala na jembe? Kilima kizima cha spika kiko wilayani kwangu na mimi nashika simu nasema "haloo, haloo" kama niko kuzimu.

Basi wiki tatu zilizopita, kioo nacho kikaanza mambo. Ukiifungua, kinakuwa cheupe pee. Ukiifunga, picha zinarudi. Ukitaka kuona na kubonyeza kwa wakati mmoja, lazima uishike ikiwa nusu, isifunguke wala isifungike, unaisikilizia kwa vidole. Nikampelekea fundi simu, kijana mmoja mwenye kibanda karibu na yanapopakia magari ya Mbalizi.

"Shikamoo mama fundi."

"Marahaba, fundi mwenzangu. Huyu mgonjwa."

Akaifungua na kuifunga mara tatu, akainusa. "Hii imewekwa mafuta ya nini?" Sikujibu. Akasema utepe umekatika. Ndani, kati ya bamba la juu na la chini, kuna utepe mwembamba unaopitisha mawasiliano. Kila ukifungua unajikunja, kila ukifunga unajikunjua, miaka yote hiyo, mahali palepale. Hapo nilimwelewa kuliko profesa. Hata kitambaa cha lineni, ukikikunja mstari uleule kila siku, kitachanika kwenye mkunjo.

Utepe wa simu hii haupo tena dukani, alisema, ila kuna mtu Mwanjelwa, kule Mbeya, ana maiti za simu kama hizi, atamwagiza atoe kwenye moja. Bei tukakubaliana bila hela. Yeye alikuwa na kitambaa cha suruali, cha rangi ya majivu, kizuri, na sendofu ya dada yake ilikuwa Jumamosi ya pili yake. Mimi nimshonee, yeye anitengenezee. Akanipa kitochi cha kushikilia, nikahamishia laini yangu.

Nisiwafiche, zile siku na kitochi nilizifaidi. Kinalia, natazama jina, nakiacha kilie. Betri yake haiingii kwenye redio ya mtu. Niliahidi nguo kumi na moja kwa Jumamosi moja na hakuna aliyenisikia nikisema vinginevyo. Nilikuwa fundi tena.

Siku ya nne nikampigia.

"Mama fundi, yako tayari," akasema. "Bado kufunga skrubu tu."

Nikatulia. Kuna kitu kwenye ile sauti. Ule ulaini, ile "tu" ya mwisho inayoburutwa kidogo. Niliifahamu ile "tu" kama ninavyofahamu mkono wangu.

"Na ya kwangu, mama?" akauliza.

"Yako tayari, mwanangu. Bado vifungo tu."

Siku ya saba skrubu zilikuwa zimekwenda kutafutwa. Siku ya tisa vifungo vya rangi ile vilikuwa vinatoka Mbeya. Siku ya kumi umeme ulikuwa umekatika kwake, na kwangu pia, ingawa mimi cherehani yangu ni ya miguu.

Juzi, Jumatano, kitochi kikalia. Namba yake. Nikapokea, nikasikia upepo, nikasikia pikipiki inalia, nikasikia mashimo ya barabara yetu moja baada ya jingine, yote nayafahamu kwa sauti. Nikasema haloo, haloo. Hakuna. Halafu pikipiki ikapunguza mwendo, na sauti ya bodaboda ikauliza, "Fundi mzima, mbona siku hizi unatembea na hiyo krak-krak ya kizamani?"

"Ya mteja," fundi simu akajibu. "Yangu imekufa kioo. Ya yule mama wa cherehani hii."

"Si alikupa utengeneze?"

"Hata sijaigusa. Nimemwambia bado skrubu." Wakacheka. "Na yeye ana suruali yangu kule, ananiambia bado vifungo. Yule mama namjua, hata kukata hajakata."

Nikageuka nikatazama rafu. Kitambaa cha rangi ya majivu kiko juu kabisa, kimekunjwa vilevile alivyonikabidhi, na juu yake kuna vumbi jembamba la chaki na kikombe changu cha chai.

Pikipiki ikapiga shimo kubwa, nadhani lile la karibu na shule. Krak. Simu ikakatika.

Nikasubiri dakika kumi, afike kibandani, ashushe pumzi. Nikampigia.

"Shikamoo mama fundi! Nilikuwa nataka nikupigie sasa hivi. Yako tayari kabisa, nakwambia. Bado skrubu mbili."

"Marahaba mwanangu," nikasema, huku naondoa kikombe juu ya kitambaa chake. "Na yako ndiyo iko hapa mezani naipiga pasi. Njoo kesho na hiyo simu yangu. Bado vifungo tu."